Ngitili Ndani ya Kioo

Watu wa Shinyanga ukiwaambia kuna nyumba mjini ina bahari sebuleni, wanakuuliza asubuhi umekunywa nini. Siwalaumu. Hata mimi siku ya kwanza nilipoingia nyumba ile kuomba kazi, nilidhani lile sanduku la kioo lenye urefu wa kitanda ni televisheni ya matajiri. Ndipo samaki mmoja wa rangi ya chungwa, mwenye mikanda myeupe, akanigeukia na kunikodolea macho kama vile ananiuliza nimefuata nini pale.

Nilikuwa nimefuata kazi. Miaka sita nilikuwa Segese kwenye plenti ya kuchenjua dhahabu, upande wa kaboni. Kaboni ni chenga nyeusi za mkaa wa vifuu vya nazi, mkaa uliotengenezwa kiwandani ili uvute vitu vilivyoyeyuka majini. Pale kwetu mchanga wa mawe yaliyokwishasagwa ulilowekwa kwenye matangi yenye dawa kali, dhahabu ikayeyuka, kisha maji yakapitishwa kwenye kaboni, na kaboni ikaikamata. Dhahabu ikishatolewa, kaboni inachomwa tanuruni ili irudi kazini. Kuichekecha, kuichoma na kuirudisha, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mwenye plenti alipofunga shughuli, nikabaki na ujuzi wangu na mdomo wangu, na Shinyanga mjini hakuna aliyekuwa anatafuta kimojawapo.

Aliyenipokea alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mjane, ambaye ukoo wa mumewe una duka la vifaa vya ujenzi. Alizaliwa Shinyanga hii hii, na Kisukuma chake cha kupatana bei ya kuku kilikuwa kikali kuliko changu mimi Msukuma wa Mhunze. Nilipomwamkia shikamoo, aliitika marahaba huku akigeuzia uso dirishani, nikadhani ananidharau. Nilishaanza kuvimba. Kumbe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, miaka mingi, na alikuwa anatafuta upande wenye mwanga ili apate angalau kivuli changu.

"Sauti yako ina ukali," aliniambia.

"Ndivyo nilivyo, mama. Kama unataka mpole, mtaa wa pili wapo."

Akacheka. Nikaanza kazi kesho yake.

Kupika na kufua nilikuwa nayaweza. Lile sanduku ndilo lililokuwa shughuli pevu. Lilikuwa la marehemu mumewe, aliyefariki mwaka mmoja kabla sijafika, na hakuna mwingine katika ukoo aliyetaka kulisikia. Shemeji wa mama, mdogo wa marehemu anayeendesha duka siku hizi, alisema wazi kwamba siku vilivyomo vitakapokufa, kioo kitatolewa na pale ukutani patawekwa kabati la mabomba ya maonyesho. Mama alinishika mkono akanipeleka mbele ya kioo, akaanza kunifundisha bahari kwa masikio.

Maana yeye alikuwa haioni, aliisikia. Pampu ikipunguza mwendo, alijua akiwa jikoni. Kile kifaa kinachopiga maji mpaka yatoe povu, na povu likabeba uchafu wa samaki kabla haujaoza, kikijaa alikuwa anasema, "Mwanangu, kikombe cha povu kinakoroma." Nakwenda kukiangalia, kweli kimejaa uji wa kahawia unaonuka vibaya. Alinieleza kwamba maji ya bomba hayaingii humo hivi hivi. Kwanza yachujwe mpaka yasibaki na kitu, kisha ndipo ukoroge chumvi ya bahari inayokuja kwa mifuko kutoka Dar es Salaam. Alinieleza pia kwamba wanaosafisha hasa si vifaa. Ni vijidudu wasioonekana, wanaoishi ndani ya vitundu vya mawe na kwenye mchanga wa chini, wanaokula uchafu na kuugeuza. Chini ya kabati kulikuwa na tangi la pili, dogo, lenye taa yake na mwani umejisokota ovyo, nao ulikuwa unakula masazo ya uchafu huo. Mwisho kabisa kulikuwa na mfuko mdogo wa kitambaa, ndani yake chenga nyeusi, wa kuvuta umanjano na harufu majini.

Nilipouona ule mfuko nilipiga kelele. "Mama! Si kaboni hii?"

"Ndiyo kaboni."

"Hii mimi ni ndugu yangu!"

Tangu siku hiyo nilivimba kichwa. Nani Shinyanga nzima angenifundisha kaboni?

Ndani ya lile sanduku kubwa, katikati ya mawe, kulikuwa na kitu ambacho mama alikiita uyoga. Ni tumbawe laini, hai, lenye shina na kichwa kipana kama sinia, rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Likifurahi, kichwani panatoka vidole vyembamba mamia, vinachezacheza na maji. Likinuna linavirudisha vyote ndani, siku hata tano, linabaki kama ngozi ya ng'ombe, kisha linajichuna utando na kufunguka upya. Marehemu alilinunua kwa muuzaji mwenye kibali likiwa na ukubwa wa kidole gumba, akalifuga miaka yote mpaka likawa vile. Kila asubuhi, kabla ya chai, mama aliniuliza swali moja: "Umefunguka?" Nami nikimwambia umefunguka, alikunywa chai kwa raha.

Kisha ikaja habari ya India. Wanawe wanaoishi nje walimpangia apasuliwe macho, jicho moja kwanza, la pili baadaye, na katikati apumzike kwa jamaa zake. Miezi minne yote. Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa mlangoni, alinishika mabega.

"Mwanangu, sikuombi kingine. Nikirudi nikiwa na macho, nataka kuona uyoga wa marehemu baba umefunguka. Hicho tu."

"Mama, nenda na amani. Utaukuta unakusubiri," nikajibu, na kifua mbele.

Shemeji yake alikuwa amesimama pembeni na funguo za gari. Alitazama ukuta, akaupima kwa macho. Nilimwona.

Kosa la kwanza nililifanya wiki ya pili, na nililifanya kwa sababu ya malezi. Mimi ni mtoto wa wakulima wa pamba na dengu. Shamba lenye majani linanipa aibu hata kama si langu. Nilipofungua lile kabati la chini na kuona mwani umejaa tangi zima, umeparamia mpaka kwenye taa, nikajisemea huyu mama kwa kutokuona ameacha shamba likageuka pori. Nikakunja mikono, nikapalilia. Nilikata, nikang'oa, nikaacha vishina vitatu vimesimama kwa mstari. Nikakaa chini kujipongeza. Jamani, kiherehere!

Mwani ukikatwa hivyo unavuja utomvu, na uliobaki hautoshi kula uchafu. Baada ya siku chache maji yakaanza kuwa ya manjano. Nikafungua mkebe wa kaboni nibadilishe mfuko, nikakuta mkebe mtupu. Nilimpigia muuzaji wa chumvi na vifaa kule Dar es Salaam, mtu ambaye marehemu alikuwa akinunua kwake. Akasema mzigo wa kaboni umekwama bandarini, nivumilie wiki mbili.

Wiki mbili? Mimi, wa kaboni, nivumilie kaboni wiki mbili?

Kesho yake alfajiri nikapanda basi, nikapita Tinde na Kahama, saa nne nikawa Segese. Rafiki yangu tuliyefanya kazi pamoja zamani alikuwa sasa kwenye plenti nyingine, upande ule ule. Nikamweleza shida yangu. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Samaki wa Kihindi anataka kaboni ya mgodini?"

"Cheka, ukimaliza nipe."

Alimwomba msimamizi wake, msimamizi naye akacheka, akaruhusu nipimiwe kopo moja la kaboni iliyotoka tanuruni, iliyokwishatolewa dhahabu yote. Kaboni ile ilikuwa nyeusi, ngumu, kavu, haina hata harufu. Ukiimimina ndani ya bakuli la chuma inalia vizuri. Kwetu kaboni iliyopita tanuruni tulikuwa tunaiita mpya, na neno hilo tulilisema kila siku, miaka sita, bila kuliuliza maswali. Nilirudi na kopo langu nimelipakata, nikaiosha mara saba, nikaifunga kwenye mfuko, nikaitia kwenye maji.

Jioni ile maji yalikuwa meupe pe. Nikajipiga picha na sanduku.

Asubuhi ya pili konokono walikuwa wameanguka. Konokono wa humo kazi yao ni kulamba kioo, hawaachii. Niliwakuta wako chini mchangani, chali, miguu nje, wote kumi na mmoja. Nilidhani wamelala. Nikamwinua mmoja, akaning'inia. Nikatazama uyoga. Ulikuwa umejikunja, umekunjamana, na pembeni mwake palikuwa panavuja ute. Samaki wa chungwa alikuwa anazunguka juu yake kama kawaida, hana habari, na hilo ndilo lililozidi kunichanganya.

Nikampigia yule mtu wa Dar es Salaam. Alisikiliza, kisha akaniuliza kwa utaratibu, "Dada, kaboni umeitoa wapi?"

Nikamwambia.

Akauliza tena, "Huko kwenu migodini, mawe yana shaba?"

Yana shaba! Mwaka mzima tulikuwa tukilalamika Segese kwamba kaboni inakula shaba pamoja na dhahabu, kwamba shaba haitoki yote, inabaki humo hata baada ya tanuru. Mimi mwenyewe nilikuwa nikilisema hilo kwenye vikao vya asubuhi kwa sauti ya juu. Nililijua! Na shaba, akanieleza yule mtu, samaki anaweza kuivumilia kiasi, ila konokono, kamba na matumbawe hawaiwezi hata chembe. Niliichukua sumu kwa mikono yangu, nikailipia nauli, nikaiosha mara saba.

"Toa huo mfuko sasa hivi," akasema. "Samaki nao watoe, wakae kwenye ndoo yao. Badilisha nusu ya maji leo, na nusu tena keshokutwa. Nakutumia kwa basi la leo kaboni niliyonayo mwenyewe nyumbani na kitambaa maalumu cha kunyonya shaba. Na huo uyoga, tafuta upande ambao bado mzima, ukate kipande kwa wembe, uokoe hicho."

"Niukate?"

"Dada, wote hautapona."

Nilikaa sakafuni nikalia. Sioni haya kulisema. Nililia kwa sauti, nikajitukana Kisukuma na Kiswahili, kisha nikainuka nikachemsha wembe. Nilipitisha mkono majini mpaka kwapani. Upande wa nyuma, kwenye ukingo, palikuwa na sehemu ambayo haijaoza. Nikakata. Ni kama kukata utumbo mbichi, unateleza, unarudi. Kilichotoka kilikuwa na ukubwa wa kidole gumba changu. Nikakifunga kwa uzi juu ya kijiwe, nikakiweka peke yake kwenye ndoo ya maji mapya, na pampu ndogo ya hewa, na taa ya mezani juu yake. Ile sinia iliyobaki iliyeyuka siku tatu. Niliitoa kwa kikombe.

Mama alipiga simu usiku huo wa tatu. Jicho la kwanza limepasuliwa salama, bado limefungwa.

"Umefunguka?"

Niligeuzia sanduku mgongo. "Unaendelea vizuri, mama. Usiwe na wasiwasi kabisa. Wewe pumzika."

"Haya mwanangu," akasema, na akakata.

Ningeishia hapo, pengine mambo yangekuwa nafuu. Ila mimi nikikosa huwa siwezi kutulia. Kila asubuhi nilikuwa ndani ya maji. Nilisugua mawe kwa brashi ili shaba itoke. Nilikoroga mchanga. Nilibadilisha maji hata siku ambazo sikuambiwa. Yakawa ya maziwa, yakanuka, kikombe cha povu kikawa kinajaa mara mbili kwa siku. Mtu wa Dar es Salaam alinikemea kwenye simu kwamba wale vijidudu wasafishaji wanaishi kwenye hayo mawe na mchanga huo, na mimi nawaua kwa brashi. Nilimjibu ndiyo, ndiyo, nikakata simu, nikasugua tena.

Baba yangu ndiye aliyenisimamisha. Alikuja kutoka Mhunze kuniletea michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, na kunitazama, maana dada yangu alimwambia nimekonda. Baba si mtu wa maneno ya busara. Ni mbishi, analalamika kuhusu bei ya dawa za ng'ombe tangu anavua kofia mpaka anaivaa. Alisimama mbele ya sanduku, akachovya kidole, akalamba.

"Chumvi tupu! Ng'ombe wangu wangefurahi."

"Baba, toa mkono, tafadhali."

Nikamweleza yote, hata uongo wa simu. Alisikiliza akitafuna mchembe. Kisha akainama kwa shida, akachungulia chini ya kabati, akaona vile vishina vitatu vya mwani nilivyoacha.

"Haya nani ameyachunga?"

"Mimi. Niliyapalilia."

"Umechunga mpaka kwenye udongo," akasema, akaanza kukasirika kweli kweli. "Halafu unaingia kila siku na kwato zako. Ng'wanone, mwanangu, kwani hujui ngitili?"

Nani kwetu asiyejua ngitili? Mvua zikianza tunafunga kipande cha malisho, ng'ombe hawaingii, wewe huingii, majani yakue mpaka kiangazi yawe akiba. Hakuna ua wala kamba. Kila mtu anajua tu. Baba mwenyewe mwaka mmoja aliingiza ndama wake ngitili ya kijiji wiki moja kabla ya kufunguliwa, akidhani hakuna anayemwona, na baraza la wazee likamtoza mbuzi. Mpaka leo akisimulia anawatetea wale ndama.

"Hii funga," akasema akionyesha sanduku zima. "Fanya aliyosema yule wa pwani, na usiongeze lako. Mkono nje."

"Mpaka lini?"

"Ngitili huwa inakuambia yenyewe."

Alilala siku mbili, akarudi kwake. Nikafunga. Sikujua kama kuna kazi ngumu kuliko ya kukaa kimya mbele ya kitu ulichokiharibu. Nilibadilisha maji siku nilizoambiwa tu. Nilimwaga kikombe cha povu. Kitambaa cha kunyonya shaba kilikuwa cheupe, kikaanza kugeuka rangi taratibu, na kila kilipogeuka nilifurahi na kuumia kwa pamoja, maana ile rangi ni shaba yangu. Mchanga ukapata utando wa kahawia, mbaya, wa kuchefua. Mkono uliniwasha kuusugua. Nikaukalia, namaanisha niliukalia mkono wangu kwenye kiti. Wiki iliyofuata utando ukatoka wenyewe.

Shemeji alikuja siku moja na fundi mwenye futi ya kupimia. Alitazama maji, mawe yamebaki matupu, samaki hawamo, hakuna konokono, hakuna uyoga.

"Si imekufa hii?" akaniuliza. "Tuitoe kabla hajarudi. Atalia mara moja, yatakwisha."

"Shemeji," nikamwambia, maana na mimi nilikuwa namwita hivyo kama mama anavyomwita, "humu wapo wanaoishi. Huwaoni tu."

"Wako wapi?"

"Kwenye mawe. Na ukigusa hicho kioo kabla mwenye nyumba hajaingia mlangoni, nitapiga yowe mpaka soko zima lije."

Fundi alikunja futi yake mapema kuliko yeye. Walikwenda.

Wiki ya sita tangu nifunge, mwani ukaanza kunyanyuka. Nilikuwa nimepiga magoti asubuhi, nikaona vichipukizi vya kijani pande zote za vile vishina, na katikati yake vidudu vyeupe vidogo kama punje za mtama vinarukaruka. Nilipiga vigelegele peke yangu. Mtu wa Dar es Salaam akanitumia konokono wawili kwa basi, wa kupimia, ndani ya mfuko wa maji. Nikawaweka kwenye kioo. Siku ya kwanza wako pale pale. Ya pili wamesogea. Ya tano walikuwa wamelamba njia mbili ndefu kwenye ukungu wa kioo, na kioo kilichokuwa nyuma ya njia hizo kiling'aa. Ndipo nikarudisha samaki, na baada yao kile kipande changu kutoka kwenye ndoo, pale pale uyoga wa zamani ulipokuwa.

Kilikuwa hai, kimeshika jiwe bila uzi. Ila kilikuwa hakijafunguka hata siku moja. Wiki mbili baadaye bado kilikuwa ngozi tupu. Na mama alikuwa anapiga simu, jicho la pili nalo tayari, anauliza lile lile, nami najibu kwa upole, unaendelea, mama, unaendelea vizuri sana. Nikiweka simu chini naona aibu inanipanda mpaka masikioni.

Akarudi siku moja ya mchana, jua kali. Nilisikia gari, nikaondoka jikoni mbio, nikasimama mbele ya sanduku, mgongo kwenye kioo, mikono nyuma. Nilishaamua. Asione kabla sijasema.

Aliingia na miwani myeusi. Shemeji alikuwa nyuma yake na mizigo. Akavua miwani. Macho yake yalikuwa meusi, safi, yana maji kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane yalinielekea mimi.

"Shikamoo mama."

Alikuja karibu, akanitazama paji la uso, pua, mdomo, kovu la kidevuni. "Kumbe ni msichana mdogo hivi," akasema. "Nilidhani ni jimama."

"Mama, kabla hujatazama, nina neno." Na nikalisema lote pale pale nimesimama. Mwani niliopalilia, kopo la Segese, konokono, wembe, baba yangu na ngitili yake ya mkono nje. Kwamba uyoga wa marehemu niliuua mimi. Kwamba nilimdanganya kwenye simu miezi mitatu. Sauti ilikuwa inanitoka kwa kukwaruza na sikujali shemeji anasikia.

Mama aliniacha nikamaliza. "Kuhusu simu nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Ulianza kuniongelesha kwa upole. Wewe? Nikasema hapa pana msiba, ila huyu mtoto anahangaika nao, nimwache ahangaike. Sogea nione."

Nikasogea. Aliinama, uso karibu uguse kioo, mikono yake ameifungia mgongoni. Nami nikainama kando yake, nikiwa na hofu kuliko siku zote za maisha yangu, nikatazama kwenye lile jiwe. Sikuwa nimetazama tangu asubuhi. Kipande kilikuwa kimejichuna. Utando mwembamba ulikuwa unaning'inia pembeni, unapeperuka, na juu ya kichwa chake kidogo vilikuwa vimetoka vidole, havifiki hata ishirini, vyeupe, vimenyooka, vinacheza na maji.

Nilisikia anapumua. Nikaanza, "Ule mkubwa, mama, najua hakuna wa kuurudisha."

"Ule mkubwa sikuwahi kuuona," akasema. "Ulipokua mimi macho yalikuwa yanakwenda. Niliuona ukungu, baba akinisimulia. Nilichokiona kwa macho yangu ni siku aliyokuja nacho kwenye mfuko wa maji, akakiweka hapo, tukakaa tunakitazama. Kilikuwa hivi hivi." Akanyoosha kidole gumba chake hewani, mbali na kioo, akakilinganisha. "Hiki ndicho ninachokijua."

Mimi machozi yalikuwa yameshanishinda. Shemeji akaweka mizigo chini, akaja naye, akainua mkono afungue kifuniko cha juu aone vizuri.

"We!" mama akamkemea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mkono nje! Hiyo ni ngitili."

Shemeji akarudi nyuma, anatutazama mmoja mmoja. Mama akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo, akafuta macho yake mapya kwa pembe ya mtandio, kisha akaniambia nikaweke chai.